Chatu wa Miaka Mia Nane

Bin Mahmoud, Doha
Ijumaa mchana

Mghoi,

Salamu sikupi. Asubuhi nilikusalimia ukanijibu kwa pua, kwa hiyo salamu zako nimeziacha pale mlangoni, ukirudi utaziokota. Saa hizi wewe na mama yako mko kwenye ibada ya Ijumaa kanisani Mesaimeer, watu wamekuzunguka wanakuombea safari njema, na wewe umeinamisha kichwa unasema amina kwa safari ambayo moyoni umeshaifuta. Mungu anakuona. Na mimi nakuona, ingawa miwani yangu ni ya kununua dukani Najma bila daktari.

Mama yako ameniambia. Ile barua ya kuwaambia Wafaransa kwamba huendi iko ndani ya simu yako, umeimaliza mpaka jina, imebaki kubonyeza. Sababu yako ni goti la nyanya. Nyanya anapasuliwa goti mwezi ujao, mama yuko zamu hospitali usiku na mchana, nani atamshika mkono nyanya? Nikuulize, nani alikutuma ulihurumie goti langu? Goti hili lilibeba maji kutoka mtoni miaka ishirini, likapiga magoti kusugua sakafu za watu hapa Doha miaka kumi na mitano, na halikuwahi kukuomba kitu. Kama kuna mwenye haki ya kulalamika ni lenyewe, na linalalamika vizuri bila msaidizi.

Hilo ningelimaliza kwa kelele kama ninavyomaliza mambo mengine humu ndani. Lakini jana ulisema neno likanifunga mdomo. Nilikukuta unatoa vile viatu vya kupandia milima kwenye begi unavirudisha kwenye boksi. Nikakuuliza, "We, viatu vimekukosea nini?" Ukanijibu bila hata kuniangalia, "Shosh, acha tu. Ufaransa wewe ulishaiona. Ngome umeingia, mtumbwi umepiga kafi, pango umelala chali ukaona wanyama waliochorwa. Mtu mmoja kwenye familia anatosha. Utanisimulia tena."

Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Ukadhani nimekasirika kwa sababu umeniita Shosh. Jina hilo silipendi, ni kweli, linanifanya nijisikie kama kopo la soda. Lakini sikukasirika. Niliona haya.

Sasa kama umesimama, kaa.

Mimi Ufaransa sijaiona.

Usiruke mstari. Najua unavyosoma, unaruka kama mbuzi. Nilienda, hilo si uongo, pasipoti ile uliyokuwa ukiichezea ukiwa mdogo ina muhuri wake. Nilikaa wiki sita kwenye mkoa unaoitwa Dordoni, naandika kama nilivyosikia, usinicheke, mimi niliishia darasa la nne na hata hilo la nne sikulimaliza. Lakini katika wiki sita zile niliona sufuria, kamba ya nguo na dirisha la jikoni. Ngome sikuingia hata moja. Mtumbwi sikuugusa. Hadithi zote nilizokupa zilikuwa za watoto wa watu.

Nitakueleza ilivyokuwa, na uniachie nieleze mpaka mwisho.

Wakati ule wewe ulikuwa bado Voi unanyonya kidole. Mimi nilikuwa mpishi wa familia moja hapa, watu wazuri, watoto wanne wenye kelele. Joto la mwezi wa saba likifika, wenye uwezo huondoka Doha, na mwaka ule kafili wangu, yaani tajiri aliyeniajiri, akakodisha nyumba kubwa ya mawe kule Ufaransa, mashambani kabisa, mbali na mji wowote. Akatuchukua mimi na dereva. Dereva alikuwa Mganda, Kato, mtu mrefu mwenye moyo mwepesi, na mimi na yeye tulikuwa tunaongea Kiswahili. Au niseme, mimi nilikuwa naongea Kiswahili, yeye alikuwa anakigongagonga.

Siku ya pili tu, nimesimama jikoni nakatakata vitunguu, Kato akaingia kuomba chai. Akasema, "Mama, kesho tunapeleka watoto kuona shato."

Sasa nisikilize. Wewe ni mtoto wa Doha, unajua. Hapa kila "ch" ikipita mdomoni mwa watu inageuka "sh". Chai ni shai. Kato mwenyewe alikuwa amekaa hapa miaka mingi mpaka akawa anasema shai kama Mwarabu. Kwa hiyo aliposema shato, mimi nikamsahihisha kichwani, kimya kimya, kwa sababu mimi ni mtu wa kusahihisha watu. Nikasema huyu anataka kusema chatu.

Nikamuuliza, "Mkubwa?"

"Kubwa sana, mama. Na ya zamani. Wanasema ina miaka mia nane."

Kisu kikasimama hewani. "Mia nane?"

"Mia nane. Iko juu ya jabali, imekaa tu pale, inaangalia mto."

Angekuwa mtu wa kwetu angesema chatu *yuko* juu ya jabali, *amekaa* pale, na kama ni kitu kingine ningejua hapo hapo. Lakini kwa Kato kila kitu kilikuwa "iko". Gari iko, Mungu iko, hata mama yake mzazi kule Masaka alikuwa "iko". Ningejuaje?

Nikajikaza. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Na watoto watasimama mbali?"

"Aa, hapana! Wanaingia ndani. Unaingia mbele, unatokea nyuma. Kuna watu wanabeba basi nzima kwenda huko."

Mghoi, nilimwangalia yule mtu nikamwombea. Nikadhani wamemjengea yule nyoka banda kubwa, Wazungu wanapita katikati yake na watoto wao. Ndiyo maana walitutawala, nikasema, hawana akili ya kuogopa. Kato akaniambia kafili amesema na mimi niende, nafasi ipo kwenye gari. Nikamwambia nina kazi nyingi. Akaniambia kazi itangoja. Nikamwambia, "Mimi nyoka kwetu nimewaacha wengi, sikuja Ulaya kutafuta wengine."

Akacheka sana. Alidhani ni mzaha wa Kikenya, asiouelewa. Hakuuliza. Na mimi sikuuliza. Hapo ndipo wiki sita zangu zilipoishia, mbele ya karai la vitunguu.

Ningesema neno moja tu. Ningesema, "Kato, shato ni kitu gani?" Angenijibu kwa pumzi moja na mimi ningevaa kitambaa changu kizuri cha kichwa nikapanda gari. Lakini mimi nilikuwa mama wa jikoni ile. Kato alikuwa ananiheshimu kwa sababu kila kitu nilikuwa najua, na nisipojua nilikuwa nakaza uso mpaka mtu adhani najua. Nikaona bora nionekane mtu wa kazi kuliko kuonekana mshamba. Basi nikabaki mtu wa kazi, na ushamba wangu nikabaki nao.

Wiki ile wakaenda shato. Wiki iliyofuata wakaenda shato nyingine. Halafu nyingine. Nikahesabu kwa vidole nikaona nchi hii imeoza kwa chatu, kila kilima na wake. Unajua nilikuwa naanikaje nguo? Kikapu mkono huu, ufagio mkono huu. Nyasi za bustani ile zilikuwa laini kama zulia, na mimi sikuzikanyaga hata mara moja, nilipita jiwe kwa jiwe kama kuku.

Kulikuwa na bibi mmoja jirani, wa umri wangu wa sasa, miguu myembamba kama ya korongo. Kila asubuhi gari la mkate likipiga honi barabarani alikuwa anatoka na kikapu, ananipitishia matunda yake ya plamu dirishani. Lugha hatukuwa nayo. Alikuwa ananionyesha viatu vyake, anatembeza vidole viwili hewani, anaonyesha bondeni. Yaani twende tukatembee. Na mimi kumwonyesha kwa nini siendi nikanyoosha mkono nikauzungusha kama nyoka anavyopita. Mghoi, yule bibi akafurahi! Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na yeye akanyoosha mkono akauzungusha vile vile. Alidhani nasema mto. Mimi nikadhani ananithibitishia kwamba chatu wapo, na wengi. Nikamfungia dirisha usoni na plamu zake mkononi. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu na nacheka pamoja, na vyote viwili vinaniuma mbavu.

Sasa hapa ndipo pabaya, nivumilie.

Kutoka dirisha lile la jikoni, ng'ambo ya bonde, kulikuwa na nyumba. Sijawahi kuona nyumba kama ile. Mawe ya rangi ya asali, minara miwili yenye kofia za kuchongoka, imekaa juu ya jabali kama mtu amekaa kitini kwake na hana haraka. Asubuhi ukungu ulikuwa unaifunika mpaka kiunoni. Saa kumi jioni jua linaipiga inawaka. Nilikuwa namenya kitunguu saumu nimeikazia macho. Nilijiambia, hapo alikaa mtu mwenye akili. Nilijiambia, laiti siku moja wangenipeleka pale, hata nje tu, nishike ukuta. Wao wanahangaika na nyoka, hakuna hata mmoja anayesema twende tukaone nyumba ile nzuri.

Siku ya kuondoka gari likashuka bondeni, likapita chini yake kabisa. Nikainua shingo. Kato akaniona kwenye kioo akasema, "Pole mama. Wiki sita na hata shato moja hukuona. Basi angalia hapo juu, hiyo ndio ile ya kwanza."

Nikasema, "Wapi?" Nikainua miguu juu ya kiti.

"Hiyo hapo. Hiyo nyumba ya minara."

Kumbe shato ni ngome, kwa Kifaransa. Nikashusha miguu pole pole, mmoja, halafu wa pili. Nikageuka nyuma kuiangalia mpaka barabara ikakata kona. Kato akauliza, "Nzuri, eh?" Nikamwambia aangalie mbele, anaendesha gari.

Tuliporudi Doha, Ijumaa ya kwanza nikaenda Najma kwa wenzangu. Chumba kimejaa wanawake, wamekaa mpaka juu ya vitanda. "Haya, Mama Ulaya, tuambie!" Ningewaambia nini, kwamba niliogopa nyumba? Nikafungua mdomo. Niliyokuwa nimeyasikia mezani kwa wale watoto, wanarudi wamelowa na matope mpaka masikioni, kila mmoja anataka kusema kabla ya mwenzake, yote nikayavaa. Nikawa mimi niliyepanda ngazi za mnara zinazozunguka mpaka kichwa kikaniuma. Mimi niliyeingia pangoni na taa nikakuta farasi na ng'ombe wamechorwa ukutani na watu wa kale. Mimi niliyepiga kafi. Walinipigia vigelegele. Nikajiambia nitasema mara moja tu.

Halafu ukaja wewe. Una miaka tisa, mama yako amekuleta Doha, humjui vizuri, mimi hunijui kabisa, na kila jioni unalia unataka kurudi Voi kwa shangazi. Nikajaribu pipi, ukatema. Nikajaribu kukemea, ukalia zaidi. Siku moja nikasema, "Nikuambie nilivyopita chini ya ngome na mtumbwi?" Ukanyamaza. Ukauliza, "Kafi linashikwaje?" Nikakukalisha sakafuni nikakupa mwiko.

Ndiyo maana nakuomba, kwa jina la Mungu, ukifika huko usishike kafi kama nilivyokufundisha. Nilikufundisha kusonga ugali.

Nilikuwa naona unavyokua na uongo wangu ndani yako. Ukachagua Kifaransa, wenzako wakachagua masomo ya kompyuta. Ukabandika ukutani picha za minara. Ukawa unapanda baiskeli kule ufukweni kwenye joto la kuua mtu ili upate pumzi. Na Wafaransa walipokujibu kwamba wanakutaka kazini, miezi sita, asubuhi kuwaonyesha watoto kuta za kale na mchana kuwapeleka mtoni, ulinikimbilia mimi kabla ya mama yako. Ulisema, "Nyanya, nitapita ulipopita!" Nikasema ndiyo. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, nikasema ndiyo, na nikakukemea kwa sababu ya vumbi kwenye viatu.

Kwa hiyo jana uliposema mtu mmoja anatosha, ujue hayupo hata huyo mmoja. Hakuna mtu wa nyumba hii aliyeingia kwenye nyumba ile. Huwezi kubaki eti nyanya alishaona. Ukibaki tutakuwa wawili tuliobaki jikoni, na wewe hutakuwa hata na sababu ya nyoka.

Kuna jambo lingine na litakuudhi. Ugonjwa wangu unao. Usikatae. Darasa la saba walipowapeleka baharini na shule, mwalimu aliuliza nani hajui kuogelea. Mkono hukuinua. Walikutoa majini kwa ukosi wa nguo kama paka, na ulipofika nyumbani macho mekundu ukaniambia, "Nilijua, ila maji yalikuwa mengi." Nilikupiga kofi la mgongo, halafu nikaenda chooni nikacheka mpaka nikashika sinki, maana nilijiona mwenyewe. Sura yako ya siku ile niliwahi kuivaa mbele ya Kato.

Sitakuambia usiwe na kiburi. Kiburi kimenivusha mahali pengi na kwako kinakupendeza, unatembea vizuri nacho. Ila kuna neno moja gumu kutoka mdomoni kuliko yote, nalo ni "sijui". Mimi nimelimeza maisha yangu yote na limenikalia tumboni kama jiwe. Kule utakutana na mito, mapango, vyakula vyenye harufu ya soksi, na watu wanaoongea haraka. Watakuchekesha na watakucheka. Mtu akicheka kwa sababu umeuliza, anacheka dakika moja halafu anakuonyesha njia. Mimi nilikwepa dakika ile moja, na mpaka leo najicheka mwenyewe.

Habari za masweta, dawa na karatasi za uwanja wa ndege mama yako ameshakuandikia, karatasi nzima na mistari chini ya kila kitu. Mimi huko siingii. Ila bibi yeyote akikuletea plamu, pokea, kula mbele yake, na ukiona anatembeza vidole hewani, fuatana naye.

Unaweza kukasirika. Nimekudanganya miaka kumi na moja, hasira ni haki yako, na mimi siombi uimalize leo. Kasirika ndani ya ndege, kuna nafasi ya kutosha huko juu. Ila usinikasirikie ukiwa umekaa hapa, hapo tutakuwa tumepoteza sote wawili.

Imebaki habari ya goti.

Asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilienda jikoni mama yako anapika chai. Unajua miaka yote hii nimekaa nyumbani kwake, niko kwenye karatasi zake, nakula kwake, na sijawahi kumwomba kitu? Nikitaka maji nasema, "Humu hakuna maji?" Nikitaka dawa nasema, "Watu wengine wana dawa." Nilisimama pale mlangoni nimeshika ukuta. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi naogopa kupasuliwa. Sijui wanafanya nini. Nisaidie."

Kijiko kikamdondoka. Akageuka akaniangalia kwa yale macho yake ya kazini, akanishika kwanza mshipa wa mkono, halafu paji la uso. Akasema, "Mama, unaumwa wapi? Sema ukweli."

Nikamwambia siumwi popote, naomba. Akakaa kwenye kiti, akalia kidogo, akacheka, akazima jiko maana chai ilikuwa inamwagika. Halafu akanieleza kila kitu, wanakata wapi, wanaweka nini, nitalala siku ngapi, nitaanza kukanyaga lini, na ameshaomba likizo tangu mwezi uliopita. Alikuwa anangoja niseme. Nilimwambia asikuambie wewe mpaka nikuambie mimi.

Kwa hiyo kazi ya kunishika mkono kwenda chooni imeshapata mtu, mtu mwenye cheti. Wewe hapa huna kazi. Mkiingia nitakuwa nimekaa kwenye kochi, nimeweka mguu juu ya mto, sijalala. Utasoma hii nikiwa nakutazama, halafu utatoa hiyo simu, utaifuta ile barua, na utanionyesha jinsi inavyofutwa, maana sijui.

Nyanya yako,
Mkamburi